Nilimzika Papa Faida kwa Barua, Naye Alikuwa Hai

Kosa ni langu. Naanza na hapo ili usije ukasoma mbele ukinionea huruma. Sikutumwa, sikulazimishwa, wala sikuwa nimelewa. Nilikaa chini na akili zangu timamu, nikafanya upumbavu ambao hadi leo siwezi kuusahau.

Jina langu silitaji. Wa hapa Albert Park, Durban, watanijua tu, maana ni mimi ninayekaa nyuma ya kioo cha duka la simu na kuitwa Sekretere. Acha wanijue. Nimechoka kujificha.

Wiki hizi watu wameanza tena kuja dukani. Maneno yale ya mtaani yamerudi, wageni watoke, wageni warudi kwao, na maduka yetu yanafungwa mapema. Watu wana hofu, wanataka kumwandikia gavana. Wananiambia, “Sekretere, weye unajua Kingereza, utuandikie.” Nakataa. Wanasema siku hizi najivuna. Jamani, laiti wangejua!

Rudi nami nyuma kidogo, hadi 2008.

Mwaka ule tulifukuzwa kwenye nyumba zetu na watu tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi. Mengi yamesemwa juu ya siku zile, siyarudii. Tuliokimbia tulipewa hifadhi kwenye uwanja wa kanisa, tukapigiwa mahema. Tukakaa humo na watoto na masufuria, baridi ya mwezi wa sita ikitutafuna, hatujui kesho itakuwaje.

Ndipo ikaja habari kwamba gavana anataka kusikia shida za watu. Hapa wanamwita Premier, lakini sisi Wakongo kwetu mkubwa wa jimbo ni gavana, basi. Tukaambiwa kila mwenye tatizo aandike barua, watu wa ofisi yake watapita kuzichukua na watazisoma. Furaha iliyokuwepo! Tangu lini mkubwa akamwambia mkimbizi, niandikie?

Mimi nilikuwa nimesoma chuo miaka miwili Bukavu kabla ya vita, na hapa Durban nilikuwa nimeokota Kiingereza dukani. Kwenye mahema yale hiyo ilitosha kunifanya profesa. Watu wakapanga foleni mbele ya ndoo niliyoigeuza kiti. Ndipo nilipopewa hilo jina la Sekretere. Nililipenda, sikufichi. Lilinipanda kichwani.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kuwa mkimbizi hawezi kulielewa, kwa hiyo nalieleza. Kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, kitu cha kwanza unachofundishwa na wenzako ni kuwa na hadithi nzito. Ukimwambia afisa kwamba uliogopa ukakimbia, anapiga miayo. Wangapi waliogopa? Lakini ukisema uliona damu, ukataja maiti, kalamu yake inaanza kutembea. Kwa hiyo watu wanaazimana misiba. Ya kaka inakuwa ya baba, ya jirani inakuwa ya mke. Hatukuuona kuwa uongo. Tuliona kwamba shida zetu ni za kweli, tunazivisha nguo tu ili ziingie ofisini.

Mimi mwenyewe kwenye karatasi zangu niliandikwa kwamba baba aliuawa mbele ya macho yangu. Ukweli ni kwamba aliyeuawa ni baba mdogo, na mimi sikuwepo. Baba yupo Bukavu mpaka leo, analalamikia magoti tu. Nilipompigia simu kumweleza, alicheka hadi akapaliwa.

“Kumbe niko mufu!” akasema. “Sasa ku matanga yangu mulikula nini?”

Tulicheka wote wawili. Karatasi nikapewa. Baba hakudhurika hata unywele. Ndiyo maana nilikuja kuamini kwamba kumuua mtu kwenye karatasi hakumfanyi kitu. Ole wangu!

Basi, siku moja akaja mbele ya ile ndoo mama mmoja wa Uvira. Nitamwita Mama Faida, kwa jina la binti yake, ingawa nalo nimelibadilisha. Alikuwa akiuza mchicha na sombe, yaani kisamvu, kandokando ya barabara. Kizulu chake kilikuwa cha sokoni tu, Kiingereza hakuna, na kusoma hakuwahi kufundishwa. Mumewe, Papa Faida, alikuwa mlinzi wa magari kule Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku ya fujo alitoka kazini kurudi nyumbani na hakufika.

Mwili haukuonekana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama Faida alikuwa amekwenda kwenye hospitali moja, akataja jina la mumewe, wakaangalia, wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo. Polisi aliwaogopa, karatasi yake ilikuwa imeisha muda. Kwenye mahema watu walikuwa tayari wanamwita mjane kwa siri, akipita wanashusha sauti.

Alikuja amefunga kitenge vizuri, kama anayekwenda kwa mkubwa mwenyewe. Akaketi chini.

“Sekretere, andika vile nasema. Mwambie gavana, bwana yangu alitoka ku kazi, hakufika. Iko mrefu. Sikio yake ya kushoto imekatika kidogo hapa juu. Anapenda kupiga mluzi, nyimbo ya kanisa. Kama iko hai, anionyeshe fasi iko, niende pale. Kama iko mufu, anionyeshe pia.”

Nikangoja aendelee.

“Ni hiyo tu, mama?”

“Ni hiyo tu. Sitaki kitu ingine.”

Niliiona barua dhaifu kabisa! Sikio na mluzi? Nani atasoma? Nikajisemea moyoni, huyu mama hajui dunia inavyokwenda, acha nimsaidie. Wakati ule ilikuwa imevuma kwenye mahema kwamba wajane watatangulizwa, watatafutiwa nyumba, na wengine watapelekwa Kanada. Hakuna aliyejua habari hiyo ilitoka kwa nani, lakini kila mtu aliiamini. Na mimi, kama wengine wote pale, nilikuwa nimeshamhesabu Papa Faida kwenye wafu.

Nikaandika kwa Kiingereza: Mheshimiwa, mimi ni mjane. Nikaandika kwamba mume wangu alichomwa visu mbele ya mtoto wangu, kwamba alikata roho mapajani mwangu, kwamba nimemzika kwa mikono yangu mwenyewe katika nchi ya ugeni na sasa sina wa kunitazama. Niliandika vizuri! Kuna sentensi niliyoisoma mara ya pili, machozi yakanilengalenga kwa uhodari wangu mwenyewe. Shetani alikuwa amekaa kwenye ndoo pamoja nami.

Sikio sikuliandika. Maiti iliyokwisha kuzikwa itatafutwa kwa sikio?

Nilipomaliza, Mama Faida akaniomba nimsomee. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Nikaishika ile karatasi, macho yangu yakafuata mistari kutoka juu hadi chini, na kwa Kiswahili nikamsomea yale aliyoyasema yeye. Mrefu. Sikio. Mluzi. Kama iko hai, kama iko mufu. Kwenye karatasi hapakuwa na hata neno moja la hayo.

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

“Ni vile vile,” akasema. “Mungu akubariki, mwanangu.”

Nilikuwa na kile kidude cha wino wa mhuri wa dukani, wino wa zambarau. Akabonyeza kidole gumba. Kidole chake kina kovu la kisu cha kumenyea muhogo, linakikata katikati, kwa hiyo alama ikatoka na mstari mweupe. Akaitazama alama yake, akatabasamu kidogo. Chini nikaandika namba yangu ya simu, kwa kuwa yeye simu hakuwa nayo. Barua ikachukuliwa na zingine.

Sikuchukua malipo. Kesho yake aliniletea bugali na sombe, nikala. Nilikula nikashiba, nikalamba na vidole!

Siku zikapita. Kuna kaka mmoja wa hema la jirani aliyekuwa amekataa nimwandikie. Alijiandikia mwenyewe, mistari mitatu ya Kiingereza kibovu: natafuta mdogo wangu, jina lake ni hili, meno mawili ya mbele hana. Tulimcheka. Wiki chache baadaye akaitwa, akapelekwa hospitalini, akamkuta mdogo wake amefungwa mguu, hai. Kambi nzima ilipiga vigelegele. Mama Faida alikuja mbio kwangu, uso unang'aa.

“Sekretere, umeona? Gavana anasoma! Sasa ni zamu yangu. Nisiende tena kuzungukazunguka. Nimngoje.”

Nikamwambia, ndiyo mama, tumngoje.

Unaelewa nilichofanya? Mwanamke aliyekuwa tayari kwenda hospitali hadi hospitali kwa miguu yake, nilimkalisha chini angoje jibu la barua ambayo hakuiandika.

Mahema yaliondolewa, tukarudi Albert Park, kila mtu akatafuta chumba upya. Mama Faida akapata chumba ghorofa ya juu ya duka letu. Asubuhi moja simu yangu ikaita. Sauti ya dada, ya upole, Kiingereza cha Kizulu. Akajitambulisha kwamba anatoka ofisi iliyopewa zile barua.

“Namtafuta huyu mama,” akasema, akataja jina la Mama Faida. “Namba aliyoweka ni yako. Unamjua?”

“Namjua.”

“Ameandika kwamba mumewe alikufa na amemzika. Lakini mimi kwenye majina ya waliokufa simwoni huyo mume. Na tuna wagonjwa hospitalini ambao hawana majina, wengine hawawezi kusema. Nazipitia barua zote za wanaotafuta ndugu zao. Yeye hatafuti mtu. Nataka tu uhakika. Huyo mume amekufa kweli?”

Ndugu yangu, huo ndio mlango Mungu alionifungulia. Wazi kabisa. Ilikuwa kusema maneno machache tu: samahani dada, hajulikani alipo, ana sikio lililokatika.

Unajua niliwaza nini? Niliwaza karatasi zangu mwenyewe. Zilikuwa karibu kwenda kuongezwa muda. Nikaona huyu dada akigundua barua moja ni uongo, atazifungua zote nilizoandika, na zote zilikuwa na maiti ndani. Kisha watauliza huyu mwandishi ni nani, na faili lake linasemaje, na huyo baba yake aliyeuawa mbele ya macho yake. Nikajiona kwenye ndege ya kurudishwa. Jasho likanitoka nimesimama pale pale, simu sikioni.

“Amekufa, dada,” nikasema. “Ni hakika. Mimi mwenyewe nilikuwa mazishini.”

Nikasikia akigeuza karatasi.

“Eish,” akasema. “Pole sana. Mfikishie mama pole zetu.”

Pole sikuzifikisha. Ningezifikishaje? Nilikata simu, nikarudi kuuza vocha. Na habari ya wagonjwa wasio na majina nayo nikaimeza. Ningeweza kupanda ngazi nikamwambia, mama, kuna wagonjwa hawana majina, twende tukaangalie. Sikupanda. Nilijiambia mtu amekwisha kufa, kwa nini nimtese mama na matumaini. Hivyo ndivyo mwoga anavyojifariji.

Mama Faida aliendelea kushuka kila asubuhi na beseni lake la mchicha. Akipita kwenye kioo changu ananyoosha shingo.

“Hakuna kitu kutoka kwa gavana?”

“Bado, mama.”

“Bon. Iko na kazi mingi.”

Alimtetea gavana kila siku. Watu wakimwambia akubali, afanye matanga, avae nguo za msiba, alikuwa mkali. Alisema ameuliza mahali, na mtu aliyeuliza hungoja ajibiwe kwanza. Nguo za Papa Faida alizifua, akazipiga pasi, akazirudisha kabatini. Nilimwona mimi, kwenye kamba ya ghorofa, mashati ya mtu yanapepea. Nilikuwa nageuka upande mwingine.

Mwaka ukapita, na zaidi.

Kisha kina mama wa kanisa letu wakaanza kwenda kuombea wagonjwa kwenye hospitali moja nje ya mji, ile ya watu wanaokaa muda mrefu. Waliporudi, mmoja wao alikuja na habari. Muuguzi wa pale, aliposikia wakiimba kwa Kiswahili, alishtuka. Akawaambia kulikuwa na mgonjwa mwanamume aliyeletwa wakati wa fujo, amepigwa kichwani, hakuweza kusema tena. Hakuna aliyejua jina lake wala watu wake. Lakini wimbo mmoja waliouimba, huyo mgonjwa alikuwa akiupiga mluzi. Kila jioni. Wakauliza alikuwaje. Mrefu, akasema muuguzi. Sikio la kushoto lina kasoro juu.

Wakauliza yuko kitanda gani. Muuguzi akasema amekufa, mvua zilizopita. Hakuja mtu, akazikwa na serikali.

Mungu wangu! Mungu wangu! Aliishi muda wote ule! Alilala pale akipiga mluzi, na mkewe yuko hapa anapiga pasi mashati, na kati yao niko mimi na simu yangu!

Mama Faida alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akavua viatu. Akauliza kitu kimoja tu, kama huko hospitalini alikuwa anafunikwa vizuri, kwa sababu hakuvumilia baridi. Waliokuwepo wakalia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikashuka ngazi nikarudi nyuma ya kioo changu.

Kina mama walirudi kumpa muuguzi jina, na baada ya siku kadhaa Mama Faida akaitwa kwenye ofisi ile ya barua, ili waandike jina la marehemu na kumwonyesha kaburi. Alihitaji mtu wa kutafsiri. Unadhani alimchagua nani?

“Twende na Sekretere,” aliwaambia watu. “Ni yeye aliniandikia. Anajua yote.”

Ningeweza kukataa. Lakini niliogopa atatafsiri mwingine. Umenielewa? Sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kulinda uongo wangu usitoke.

Tulikaa sisi watatu kwenye chumba kidogo. Dada wa ofisi nilimtambua kwa sauti. Yeye hakunitambua, au alinitambua akanistahi. Mbele yake kulikuwa na faili. Alimpa Mama Faida pole, nikatafsiri, hapo sawa. Kisha akafungua faili, akatoa barua yangu, akaiweka mezani.

“Muulize,” akasema taratibu, “kwa nini alituandikia kwamba mumewe amekufa na amemzika. Tungemtafuta. Mimi mwenyewe nilipiga simu. Tungempata akiwa hai.”

Alikuwa na machozi, yule dada. Hakuwa akigomba. Alikuwa anataka kuelewa tu.

Mama Faida akanigeukia.

“Anasema nini?”

Msomaji, nilikuwa na nafasi ya pili. Watu wangapi hupewa nafasi ya pili? Nilifungua kinywa, na niliapa ndani yangu kwamba nitasema kweli. Kilichotoka ni hiki.

“Anasema barua yako haikufika, mama.”

Aliniangalia. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama siku ile kwenye ndoo.

“Haikufika,” akarudia. “Basi. Mwambie haiko makosa yake. Mwambie merci ya kutuita.”

Dada akangoja tafsiri. Nikamgeukia.

“Anasema alichanganyikiwa kwa uchungu,” nikasema. “Alidhani amekufa. Anaomba msamaha.”

Yule dada akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akaishika mikono ya Mama Faida.

“Mwambie asijilaumu,” akasema. “Mwambie hata mimi ningechanganyikiwa.”

Nami nikamwambia Mama Faida, “Anasema pole.”

Ndivyo nilivyomvisha mama wa watu kosa langu, akiwa ameketi hapo hapo kando yangu, anashukuru! Mpaka leo kwenye ofisi ile wanajua kwamba Mama Faida ndiye aliyemzika mumewe akiwa hai. Na yeye hajui kwamba wanajua hivyo.

Lakini kuna jambo. Kabla hatujasimama, nilimwona akitazama mezani. Ile karatasi ilikuwa bado pale, chini kabisa ina alama ya zambarau yenye mstari mweupe katikati. Tulipotoka, tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kungoja magari yapite. Akakigeuza kidole chake gumba, akakiangalia.

“Ile wino ya pale,” akasema, “ilikuwa kama yetu.”

“Ofisi zote zinatumia wino huo, mama.”

“Aa.”

Robot ikawa kijani, tukavuka.

Kaburini palikuwa na kibao chenye namba. Aliinama akang'oa majani, akasema jina la mumewe kwa sauti, mara moja, kisha akasema twende. Nilitaka nianguke pale niseme. Sikuanguka. Nimesimama hivi hivi hadi leo.

Utaniuliza adhabu yangu ni nini. Karatasi zangu ziliongezwa muda, hakuna aliyenikamata. Duka linaendelea. Lakini silali. Baba yangu Bukavu akinipigia na kunitania kwamba marehemu anasalimu, nakata simu. Hajui kwa nini mwanawe hacheki tena. Nilimwacha binti niliyetaka kumwoa, kwa kuwa kila aliponiambia ananiamini nilijisikia mgonjwa. Na mluzi siwezi kuusikia. Mtu akipita nje anapiga mluzi, nakosea hata kurudisha chenji.

Mama Faida bado yuko ghorofa ya juu. Bado anashuka na beseni. Sombe hajaniletea tena tangu siku ile ya ofisi, lakini salamu hajanikatia. Swali la gavana haliulizi tena.

Mwaka huu ameanza kusoma. Kanisa limefungua darasa la kina mama, Jumamosi, herufi na hesabu, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza. Ndiye mkubwa kuliko wote darasani, na wanasema ndiye anayewahi kufika. Akishuka asubuhi anasimama mbele ya kioo changu, anasoma vibao vyangu kwa sauti, herufi kwa herufi, kidole chenye kovu kikitembea chini ya maneno. Anasoma vocha. Anasoma chaja. Akipatia haniangalii, anaenda neno linalofuata.

Juzi alimaliza vibao vyote. Akaniuliza kwa upole kabisa:

“Sekretere, karatasi za ku ofisi ile, wanazichunga miaka ngapi?”

Nikasema sijui. Akasema merci, akabeba beseni lake.

Ninyi mnaowaandikia watu, nawaomba kwa jina la Mungu. Msijifanye mnajua shida ya mtu kuliko mwenyewe. Akisema sikio, andika sikio. Akisema mluzi, andika mluzi. Usimfanye mtu mjane ili barua ipendeze. Hadithi nzito inaweza kukupa karatasi, mimi ilinipa, lakini siku moja utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, na utakuwa huna tena ulimi wa kusema kweli. Nanyi mnaoandikiwa, barua ikiisha mpelekeeni mtu wa pili awasomee. Msimwamini anayeitwa Sekretere.

Ungamo hili halimrudishi Papa Faida. Hata likisomwa na Durban nzima, yeye alikufa akidhani hakuna anayemtafuta. Hilo halina dawa, na sitaki mtu aniambie kwamba muda utaponya.

Na wewe, Mama Faida. Gazeti hili hufungiwa mchicha sokoni, najua litakufikia. Nimeandika maneno mafupi kadiri nilivyoweza, ili usihitaji mtu wa kukusomea. Anza juu, ushuke polepole na kidole chako. Nipo chini, nyuma ya kioo. Safari hii sikuongeza kitu.